Redio ya Android ya Inchi 7 Niliyoifunga Mwenyewe Kwenye Toyota IST

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, na kwa miaka minne nimelitumia likiwa na redio ileile iliyokuja nalo kutoka Japani, yenye sehemu ya CD, sehemu ya MD (zile diski ndogo za muziki za Kijapani) ambayo sikuwahi kuitumia hata siku moja, na masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90. Wenye magari ya namna hii hapa Dar es Salaam wanaijua adha yake: Wasafi FM iliyo kwenye 88.9 inasikika bila tatizo, lakini EFM ya 93.7 na Times FM ya 100.5 hazipatikani kabisa, kwa kuwa redio yenyewe haikutengenezwa kufika huko. Nilijaribu kile kidude kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kushusha masafa. Changu kilishusha megahezi 16, kwa hiyo EFM nikawa naitafuta kwenye 77.7 na Times kwenye 84.5, huku Wasafi ikipotea kwa sababu ilikuwa imesukumwa hadi 72.9, chini ya pale redio inapoanzia. Mwezi wa Juni niliamua kubadilisha redio nzima, na nikaamua pia kuifunga mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani.

Nilichonunua ni redio ya Android ya inchi 7, iliyotengenezwa China na isiyo na chapa inayojulikana, katika duka moja la vifaa vya magari Kariakoo, upande wa Gerezani. Ndani ya boksi mlikuwa na redio yenyewe, fremu ya plastiki, seti ya nyaya zenye soketi za Toyota, kamera ya nyuma, antena ya GPS na maikrofoni ndogo ya kuchomeka. Muuzaji alianzia shilingi 280,000, tukakubaliana 240,000, na nikaongeza 70,000 kwa spika mbili za mbele za inchi 6.5. Kisha akaniambia, "Dada, lete gari hapa nje, kijana atakufungia kwa elfu thelathini, nusu saa umemaliza." Kijana huyo alikuwa kazini wakati huohuo, kwenye Noah iliyoegeshwa mbele ya duka, nami nikasimama kumtazama. Alikuwa ameshazikata soketi zote mbili za gari, amezichubua nyaya kwa meno, na alikuwa anazisokota mbilimbili na kuzizungushia tepu nyeusi. Nilimshukuru muuzaji, nikabeba boksi langu nikaondoka.

Sikukataa kwa sababu ya ile elfu thelathini. Gari langu la kwanza, Vitz, lilifungwa redio kwa njia hiyo hiyo. Joto la jiji hili, hasa kwa gari linaloshinda juani, hulainisha gundi ya tepu mpaka ikaachia, na baada ya mwaka mmoja waya wa umeme wa kudumu ulikuwa unagusa chuma nyuma ya dashibodi na fyuzi inaungua kila wiki. Fundi umeme niliyempelekea alitumia siku nzima kutafuta waya upi ni wa spika ipi, kwa kuwa soketi zilizokuwa na mpangilio wa kiwandani zilikwisha kutupwa. Tangu hapo, ninapoipima bidhaa ya aina hii, swali langu la kwanza ni kama inaweza kufungwa bila kukata hata waya mmoja wa gari. Skrini, programu na ukali wa sauti nitavizungumzia, lakini baadaye.

Kwa redio hii jibu ni kwamba inawezekana, na sifa hiyo inatokana na zile nyaya zenye soketi ambazo wanunuzi wengi hawazitazami. Nyuma ya redio ya Toyota huwa kuna soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Ile ya pini 10 hubeba umeme wa kudumu (usiokatika hata funguo ikitolewa), umeme wa swichi (unaokuja funguo ikizungushwa), hasi, umeme wa taa na spika za mbele, wakati ile ya pini 6 hubeba spika za nyuma. Soketi za kwenye boksi ziliingia katika soketi za gari kwa kishindo kidogo cha klipu, sawasawa na za kiwandani, na upande wa pili zikaingia katika redio. Ukiwa nazo, kazi iliyokuwa ya kukata na kusokota inakuwa ya kuchomeka.

Hata hivyo sikuchomeka mara moja, na ninamsihi yeyote anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza asichomeke kabla ya kupima. Rangi za nyaya ndizo zinazowaponza wengi. Upande wa gari langu, umeme wa kudumu unapita katika waya wa bluu wenye mstari wa njano, umeme wa swichi katika waya wa kijivu, na hasi katika waya wa kahawia. Upande wa redio za dukani utaratibu ni mwingine: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni hasi, na kijivu ni waya wa spika ya mbele kulia. Maana yake ni kwamba mtu akiunganisha kijivu na kijivu kwa kuamini kuwa rangi zinalingana, anaingiza volti 12 kwenye mlango wa spika wa redio mpya, na anaweza kuiua amplifaya ya ndani, yaani kikuza sauti cha redio, kabla hajasikia wimbo mmoja. Nilinunua mita ya umeme kwa shilingi 18,000 na ndicho kifaa kilichonifaa kuliko vyote. Waya wa kudumu ulisoma volti 12.5 funguo ikiwa imetolewa. Waya wa swichi ulisoma sifuri, ukapanda hadi 12.4 nilipozungusha funguo hadi ACC, hatua ya kuwasha redio bila injini. Waya wa kahawia ulilia mlio wa mita nilipougusisha na chuma cha bodi. Baada ya hapo nilizifananisha pini za soketi ya boksi na pini za gari moja baada ya nyingine.

Kijana wa dukani alikuwa amenishauri pia niunganishe njano na nyekundu pamoja. Ushauri huo hutolewa sana, na ni mbaya. Ukiziunganisha zote kwenye umeme wa kudumu, redio hailali na betri inaweza kuamka asubuhi haina nguvu ya kuwasha injini. Ukiziunganisha zote kwenye umeme wa swichi, redio ya Android inazimika kabisa kila unapotoa funguo, na kila safari inaanza kujiwasha upya kama simu iliyozimwa. Ya kwangu huchukua takriban sekunde 35 kujiwasha kutoka sifuri, lakini ikiwa na umeme wake wa kudumu inaamka kwa sekunde mbili au tatu.

Kazi yenyewe niliifanya Jumamosi nyumbani Tabata, chini ya mwembe, nikisaidiwa na mtoto wa kaka yangu anayesomea umeme wa majumbani. Tulianza kwa kufungua hasi ya betri kwa spana namba 10. Hapa pana tahadhari kwa wenye magari yaliyokuja na redio za ramani kutoka Japani: baadhi ya redio hizo za Toyota, zikikosa umeme wa betri, hujifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya siri, na kuifungua ni kulipa watu wenye programu zao. Kama redio yako ni ya aina hiyo na unafikiri huenda siku moja utairudisha, tafuta kwanza kadi yake. Ya kwangu haikuwa na ramani, kwa hiyo sikuwa na hofu hiyo. Fremu ya plastiki inayozunguka redio imeshikwa na klipu, na ilitoka kwa kuvutwa polepole kwa kijiti cha plastiki. Bisibisi ya chuma ingeacha makovu ambayo hayafutiki. Nyuma yake kuna bolti nne za namba 10, na redio ya zamani ikatoka pamoja na vibati vyake vya pembeni.

Jambo la vipimo halikuelezwa popote kwenye boksi na lingestahili kuelezwa. Tundu la redio katika Toyota za Japani lina upana wa milimita 200 na urefu wa 100, ilhali redio nyingi za inchi 7 zinazouzwa kwetu zina upana wa milimita 178. Tofauti ni milimita 22, yaani uwazi wa milimita 11 kila upande. Fremu iliyokuja na redio hii inauziba uwazi huo vizuri, ingawa weusi wake unang'aa kuliko weusi wa dashibodi yangu. Kuna redio nyingine zinazouzwa zikiwa na upana kamili wa milimita 200, na kama ningejua mapema ningeiomba hiyo. Vibati vya redio ya zamani vina matundu mengi ya skrubu, na tulipata mawili kila upande yaliyolingana na redio mpya.

Spika zilitutoa jasho. Spika za kiwandani kwenye milango ya mbele hazikufungwa kwa skrubu bali kwa ribiti, na tulizitoboa kwa drili, tukafagia vipande vyote vya chuma ili visije vikanaswa na sumaku ya spika mpya. Spika mpya zilihitaji ringi ya plastiki ya kuziinua, maana bila hiyo sumaku ingegonga kioo kinaposhuka. Ringi hizo hazikuwa dukani siku ile, tukazifuata Ilala Jumapili kwa shilingi 8,000.

Tulipowasha kila kitu kilifanya kazi, na kwa robo saa nilikuwa na furaha tele. Kisha nikaanza kusikia upungufu. Sauti za waimbaji zilikuwa safi, gitaa lilikuwa wazi, lakini besi ilikuwa nyembamba kuliko hata ya spika chakavu nilizozitoa. Nilipoisukuma balansi yote kushoto besi ikarudi; nilipoisukuma yote kulia ikarudi pia; nilipoiweka katikati ikapotea. Mpwa wangu ndiye aliyetamka kwanza: "Shangazi, moja inasukuma, nyingine inavuta." Alikuwa sahihi. Spika mbili zinapopigwa mawimbi yaleyale huku chanya na hasi za mojawapo zikiwa zimebadilishana, koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ya moja huenda mbele wakati ya nyingine inarudi nyuma, na sauti nzito, ambazo mawimbi yake ni marefu, huuana hewani kabla hazijafika sikioni. Sauti nyembamba hazidhuriki sana, ndiyo maana mtu anaweza kuendesha miaka mingi akidhani spika zake ni dhaifu tu.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi na haihitaji fundi. Tulichukua betri ndogo ya volti 1.5, tukagusisha chanya yake kwenye pini ya waya wa kijani mpauko wa soketi ya gari na hasi yake kwenye pini ya waya wa bluu, ambazo ni za spika ya mbele kulia. Koni ikaruka mbele. Tukafanya vivyo hivyo kwa waridi na zambarau za kushoto. Koni nayo ikaruka mbele. Kwa hiyo nyaya za gari na spika zilikuwa sawa, na kosa lilikuwa kwenye seti ya nyaya za boksi. Tulipoitazama kwa tochi tukaona kwamba waya wa kijivu wenye mstari mweusi, ambao ni hasi, ulikuwa umeingizwa kiwandani mahali pa chanya. Kwa sindano nyembamba tulibonyeza kile kilimi kinachoishika pini ndani ya soketi, tukazivuta pini mbili, tukazibadilisha nafasi, na besi ikaja. Hakuna kilichokatwa. Lakini kosa hilo nalihesabu kuwa kasoro kubwa ya bidhaa hii, kwa sababu mnunuzi asiye na subira ya kusikiliza hatalijua kamwe.

Boksi limeandikwa wati 60 mara nne, kwa herufi kubwa za dhahabu. Maandishi hayo si ya kuaminiwa, na mwenye redio anaweza kulijua hilo kwa hesabu ya fyuzi. Waya wa njano wa seti hii una fyuzi ya ampea 10. Injini ikiwa inaunguruma umeme wa gari huwa karibu volti 14.4, na ampea 10 mara volti 14.4 ni wati 144 kwa redio nzima pamoja na skrini yake, wakati wati 60 mara nne ni 240. Amplifaya ya ndani ya redio za namna hii, ikitumia volti hizo kwenye spika ya omu 4, haiwezi kutoa kwa usafi zaidi ya wati ishirini na kidogo kwa kila spika. Kwa kusikiliza taarifa ya habari, taarabu au dansi kwa sauti ya kawaida, kiasi hicho kinatosha kabisa. Nikivuka alama ya 30 kati ya 40 spika zinaanza kukwaruza, nami sifiki huko.

Mngurumo wa injini kwenye sauti ulinisumbua kwa wiki mbili. Ulikuwa mlio mwembamba unaopanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachia, na ulisikika pale tu nilipochomeka simu kwa waya wa sauti huku ikichajiwa kwenye kiberiti cha gari. Kwa Bluetooth haukuwepo. Chanzo chake kwa kawaida ni hasi mbili za vifaa vilivyounganishwa kufika kwenye bodi kwa njia tofauti, na mkondo wa jenereta kupenya katikati yake. Niliongeza waya mnene wa hasi kutoka kwenye kava la chuma la redio hadi kwenye bolti ya bodi nyuma ya dashibodi, baada ya kukwangua rangi kwa msasa hadi chuma cheupe kikaonekana. Mlio ulipungua kwa kiasi kikubwa, ingawa bado unasikika redio ikiwa kimya.

Kamera ya nyuma ilikufa siku ya tatu. Niliirudisha, na muuzaji aliibadilisha bila maneno mengi, jambo ninalomshukuru. Waya wake unapita chini ya zulia hadi kwenye buti, na umeme wake unachukuliwa kwenye taa ya rivasi. Hapo nilitumia klipu ya kubana badala ya kukata. Waya wa handibreki niliufunga kwenye handibreki kweli. Wengi huufunga kwenye hasi ili video iendelee kuonekana gari likitembea, na mimi siwezi kumshauri mtu afanye hivyo katika Barabara ya Mandela yenye malori ya bandarini kulia na kushoto.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu niifunge. Redio ya FM inakamata vituo vyote ninavyovitaka, kwa namba zake halisi, na hilo peke yake lilistahili gharama, ingawa unasaji wa masafa ni dhaifu kuliko wa redio ya Japani niliyoitoa: nikielekea Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, mkwaruzo unaanza mapema kuliko zamani. Wenye antena ya kwenye kioo wakumbuke kuunganisha waya wa bluu unaoipa antena umeme, la sivyo vituo vitakuwa hafifu hata mjini. Bluetooth haijanikatikia. Maikrofoni ya ndani ni mbovu, lakini ile ya kuchomeka, niliyoibandika juu ya usukani, inasikika vizuri upande wa pili. Antena ya GPS niliiweka chini ya plastiki ya dashibodi na inaonyesha njia bila kuchelewa.

Skrini ni sehemu dhaifu zaidi. Saa saba mchana, jua likiingia kwa upande wa abiria, sioni kitu zaidi ya vivuli, na mtu aliyekaa kushoto anaona rangi zilizogeuka. Gari likishinda juani bila kizuizi cha kioo, redio inakuwa nzito kuitika kwa dakika kumi za kwanza mpaka kiyoyozi kiipooze. Tena, mipangilio inasema ni Android 13, lakini programu ya kukagua vifaa ilionyesha toleo la zamani zaidi, 10. Kwangu halikubadilisha matumizi, lakini kumwandikia mnunuzi namba isiyo ya kweli ni kumdanganya, na wauzaji wanaoagiza bidhaa hizi wanapaswa kulikataa jambo hilo huko huko wanakonunua.

Kwa jumla nilitumia 336,000 pamoja na mita, na saa nane za kazi kwa siku mbili. Ningeinunua tena kwa bei hiyo, na ningempendekezea mtu mwenye IST, Passo au Raum ambaye anataka masafa kamili, simu na kamera, na ambaye yuko tayari kupima waya mmoja mmoja kabla ya kuchomeka. Anayetafuta besi ya kutikisa vioo aelekeze fedha zake kwenye amplifaya ya pembeni na redio yenye chapa, kwa maana hapa hataipata. Redio ya Japani nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, iko juu ya kabati; vibati vyake ndivyo vinavyoishika redio mpya. Soketi zake zote mbili bado zipo kwenye gari kama zilivyotoka kiwandani, na siku nitakayoliuza, mnunuzi akiitaka, nitairudisha kwa spana namba 10 na bisibisi tu.